Riadi au hoteli? Namna ya kuchagua pa kulala Morocco

Kila anayepanga safari ya Morocco hufika kwenye njia panda ileile. Upande mmoja ana picha ya riadi: ua wenye vigae vya rangi, mchungwa, birika la maji na taa za shaba. Upande wa pili kuna hoteli ya ghorofa sita yenye lifti, bwawa kubwa la kuogelea na maegesho ya magari, na bei zake hazipishani sana. Maelezo yaliyoandikwa chini ya picha hayasaidii, maana yote yanaahidi ukarimu, utulivu na chai nzuri ya asubuhi.

Kwetu sisi wa Afrika Mashariki swali hili lilikuwa la mbali. Halipo mbali tena. Kombe la Mataifa ya Afrika lilichezwa huko kuanzia Desemba 2025 hadi Januari 2026, na Tanzania, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilikuwa miongoni mwa timu zilizofuzu. Mwaka 2030 Morocco itaandaa Kombe la Dunia pamoja na Hispania na Ureno. Basi inafaa tulifumbue jambo hili taratibu.

Naona wengi hupotea pale wanapolifanya kuwa swali la uzuri au la bei. Riadi ni nyumba ya familia iliyojengwa ikitazama ndani, kisha ikageuzwa ya wageni. Karibu kila raha utakayoipata humo na karibu kila kero vinatokana na jambo hilo moja. Ukilielewa, utaweza kujichagulia bila kutegemea picha wala maneno ya wakala.

Nyumba inayotazama ndani

Ukisimama kichochoroni, riadi haikuonyeshi kitu. Kuna ukuta mrefu, mlango mmoja, na pengine kidirisha kidogo juu sana. Njia ya kuingilia hupinda makusudi, ili mpita njia asiwaone wa ndani hata mlango ukiwa wazi. Ukishapita kona hiyo ndipo ua unapofunguka, wazi kwa mbingu, na vyumba vyote vikiuzunguka na kuuelekea. Aliyekulia Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar hahitaji maelezo marefu: anaijua nyumba yenye daka la kuingilia, yenye kiwanda, yaani ua wa ndani, katikati, yenye kuta nene zinazozuia joto na stara ya watu wa nyumbani. Kwetu nyumba hizo zilijengwa kwa matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Kule hutumika udongo ulioshindiliwa, matofali, na mbao za mierezi kutoka milima ya Atlas.

Riadi kamili ina bustani. Ua wake umegawanywa sehemu nne kwa vijia, kila sehemu ina miti, mara nyingi michungwa, na katikati kuna chemchemi. Nyumba yenye ua uliosakafiwa tu, usio na bustani, huitwa dar. Matangazo ya siku hizi huziita zote riadi, na mgeni wa siku mbili hatapungukiwa na kitu kwa hilo. Ila tofauti ya miji ni muhimu. Nyumba za Fes mara nyingi huenda juu, ghorofa tatu au zaidi, na ua wake ni mwembamba, hivyo chumba cha chini kinaweza kuhitaji taa mchana kweupe. Za Marrakech ni fupi na pana zaidi, na mwanga unafika hadi chini.

Ua huo si pambo. Usiku hewa ya baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka na kutulia humo, na kuta nene huuhifadhi ubaridi huo. Mchana kivuli cha kuta, majani ya miti na maji yanayovukiza kutoka kwenye chemchemi huuchelewesha moto wa jua. Marrakech mwezi Julai na Agosti joto hupita nyuzi 40 siku nyingi. Mtu akitoka sokoni saa nane mchana akaingia kwenye ua wa namna hiyo, mwili wenyewe unamweleza kwa nini nyumba ilijengwa hivyo.

Sasa geuza msimu. Usiku wa Januari Marrakech hushuka hadi nyuzi tano hivi, na Fes, iliyo kaskazini zaidi, ina baridi na mvua kuizidi. Ua uleule ulio wazi juu sasa unaingiza baridi ndani ya nyumba. Ukitoka chumbani kwenda kunywa chai unapita nje. Vigae vya sakafu vinauma miguu, na chumba hupashwa moto na kiyoyozi kilichofungwa juu ya mlango, ambacho katika chumba chenye dari ndefu hupasha zaidi hewa ya juu kuliko mtu aliyelala. Baadhi ya nyumba hutandika turubai au kioo juu ya ua wakati wa majira ya baridi, nyingine haziweki kitu. Kwa mtu anayetoka Dar es Salaam au Mombasa kwenda huko Desemba, hili lina uzito kuliko rangi ya vigae. Hoteli ya kisasa yenye korido zilizofungwa na mfumo mmoja wa joto inashinda kwa urahisi hapa, na sioni aibu kusema hivyo ingawa mapenzi yangu yako kwenye riadi.

Sauti nayo hufuata ua. Vyumba havina madirisha ya kuelekea mtaani, kwa hiyo kelele za pikipiki na wachuuzi hazikufikii, na kimya cha saa tatu usiku ndani ya medina, yaani mji wa kale, kinashangaza. Lakini sauti ya ndani haina pa kwenda. Wageni wawili wakizungumza chini wakati wa chai ya asubuhi, aliye ghorofa ya pili anawasikia vizuri. Adhana ya alfajiri huingia moja kwa moja kutoka juu, na katika medina misikiti iko karibu karibu. Kwa Mwislamu hiyo ni neema. Kwa mwenye usingizi mwepesi ni jambo la kulijua mapema.

Halafu kuna chumba chenyewe. Hotelini ukilipia chumba cha kawaida unapata sawa na cha jirani yako. Katika riadi hakuna vyumba viwili vinavyofanana, kwa sababu kimoja kilikuwa sebule ya kupokea wageni, kingine ghala ya nafaka, kingine chumba cha bibi mzaa baba. Vyumba vya mabaraza marefu ya zamani ni vyembamba na virefu, kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti. Cha chini kina ubaridi mzuri wa kiangazi lakini giza na sauti za jikoni. Cha juu karibu na paa kina mwanga na upepo, na Agosti kinawaka moto. Madirisha huangalia ua, hivyo ukitaka stara unafunga pazia, na ukifunga pazia unapoteza mwanga. Kwa hiyo usibuku “riadi fulani”. Buku chumba fulani ndani ya riadi hiyo, kwa jina lake, maana kila kimoja huwa na jina.

Nyumba za familia zilivyogeuka za wageni

Mwaka 1912 Ufaransa iliifanya Morocco nchi lindwa yake. Mkuu wake wa kwanza huko, Lyautey, aliamua kutobomoa miji ya kale. Kando yake ikajengwa miji mipya ya Wazungu yenye barabara pana, kwa michoro iliyosimamiwa na Henri Prost. Ndivyo Guéliz ilivyozaliwa nje ya kuta za Marrakech, na ndivyo kila mji mkubwa wa Morocco ulivyopata sura mbili, medina na mji mpya. Uamuzi huo uliihifadhi medina, na pia uliiweka pembeni, kwa kuwa maji ya bomba, ofisi, benki na stesheni vilikwenda upande wa pili. Hoteli za kawaida nazo zilimea huko. La Mamounia ya Marrakech, iliyofunguliwa mwaka 1923, ni ubaguzi unaojulikana: iko ndani ya kuta, ila pembezoni, katika bustani yake yenyewe.

Baada ya uhuru wa mwaka 1956 familia za Kimorocco zenye uwezo zilianza kuhama medina kwenda mitaa mipya yenye maegesho na mabomba, na wengi wa Fes wakaenda Casablanca kwenye biashara. Nyumba kubwa zikapangishwa chumba kwa chumba kwa watu waliotoka vijijini. Ua uliojengwa kwa familia moja ukabeba familia sita. Paa zikavuja, mbao zikaoza. UNESCO iliiandika medina ya Fes kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981 na ya Marrakech mwaka 1985, lakini kuandikwa peke yake hakuzibi paa.

Mabadiliko yalikuja na fedha za nje. Mwaka 1998 La Maison Arabe, iliyokuwa mkahawa mashuhuri tangu mwaka 1946, ilifunguliwa tena Marrakech ikiwa mahali pa kulala wageni. Mwaka uliofuata kipindi kimoja cha televisheni ya Ufaransa kilionyesha jinsi nyumba za medina zilivyokuwa rahisi kununua, na wanunuzi kutoka Ulaya wakamiminika. Leo riadi za wageni Marrakech ni mamia kwa mamia.

Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu linagusa uchaguzi wako. Ukarabati huo uliwarudishia kazi mafundi wa zelliji, vile vigae vinavyokatwa kwa nyundo kipande kimoja kimoja, na wa tadelakti, ile chokaa ya Marrakech inayosuguliwa kwa jiwe na sabuni nyeusi mpaka maji yasipenye. Nyumba ambazo zingeanguka zimesimama. Upande wa pili, bei za nyumba zilipanda, na familia nyingi ziliuza zikaenda pembezoni mwa mji. Kuna vichochoro ambavyo karibu kila mlango ni wa wageni, na tanuri la mtaa ambako watu walipeleka mikate yao halina kazi. Anayekwenda riadi ili “aishi na wenyeji” asishangae akikuta majirani zake wote ni watalii. Ukitaka medina yenye watoto wanaotoka shule, tafuta nyumba iliyo mbali kidogo na njia kuu za soko, katika mtaa wenye duka la mboga na hamamu, yaani bafu la mvuke, ya watu wote. Zipo bado, Fes zaidi kuliko Marrakech.

Sheria ya Morocco inazitambua nyumba za wageni kama aina yake, yenye madaraja yake. Nyota kwa kawaida ni za hoteli. Ukiona tangazo la riadi ya nyota tano, mara nyingi ama ni hoteli iliyosajiliwa yenye sura ya riadi, ama nyota hizo zimebandikwa na tovuti ya kuuzia vyumba. Mpaka kati ya aina hizi mbili umefifia sana kwa upande wa juu wa soko. Royal Mansour ya Marrakech, mali ya mfalme, iliyofunguliwa mwaka 2010, ni hoteli iliyojengwa kwa mtindo wa riadi 53, na wahudumu wake hupita njia za chini ya ardhi wasionekane. Kuna pia riadi zilizonunua nyumba ya jirani, na jirani wa jirani, zikatoboa kuta mpaka zikafika vyumba arobaini. Hizo zina mapokezi, mgahawa na baa, na mambo mengi ninayoyasema hapa hayazihusu.

Kujulikana na kutojulikana

Riadi ya kawaida ina vyumba vitano hadi kumi. Ina meneja mmoja, wanawake wawili au watatu wa jikoni na usafi, na mlinzi wa usiku anayelala karibu na mlango. Mlango hufungwa, unapiga kengele, anaamka kukufungulia. Kesho yake asubuhi watu wote wa nyumba wanajua ulirudi saa ngapi. Kwa mtu anayesafiri peke yake, hasa mwanamke, naliona hili kuwa faida kubwa: kuna mtu anayejua kama umerudi, anayekwambia njia ipi ina taa, anayempigia simu dereva anayemwamini. Kwa mtu aliyekwenda kikazi, mwenye simu za saa sita usiku na wageni wa kuonana nao, au anayetaka tu kuachwa, nyumba hiyo inaweza kumbana. Hoteli inakupa uhuru wa kutojulikana, na uhuru huo una thamani yake.

Jikoni ndiko riadi inakoshinda bila ubishi, mradi ufuate utaratibu wake. Chakula cha jioni huagizwa asubuhi, kwa kuwa mpishi ananunua sokoni kwa idadi ya watu waliosema watakula. Tajini ya kuku na ndimu za chumvi, supu ya harira, pai ya pastila, kuskusi siku ya Ijumaa. Marrakech kuna tanjia, nyama iliyotiwa ndani ya chungu na kupelekwa kwenye majivu ya tanuri la hamamu kwa saa kadhaa. Asubuhi utaletewa msemmen, mkate wa matabaka unaofanana sana na chapati zetu, pamoja na asali, mafuta ya zeituni na chai ya mnanaa. Hotelini utapata meza ndefu ya kujipakulia, yenye mayai, nafaka za kopo, na baadhi ya vyakula hivi vikiwa vimepoa. Mtoto anayechagua chakula atashukuru meza hiyo.

Umahiri huo wa jikoni una historia yake, na msomaji wa Afrika Mashariki anastahili kuijua. Katika nyumba kubwa za zamani wapishi na walezi walikuwa mara nyingi wanawake weusi, watumwa au wazao wa watumwa waliotolewa kusini mwa Sahara. Mapishi mengi yanayosifiwa leo kama ya kifalme yalihifadhiwa mikononi mwao, na majina yao hayakuandikwa. Ua mzuri unamokaa kunywa chai ulihudumiwa na watu wasiokuwa na hiari ya kuondoka.

Pombe hupatikana zaidi hotelini, kwenye baa na migahawa yenye kibali. Riadi nyingi ndogo hazina kibali hicho, na baadhi ya wenye nyumba hawaitaki ndani kabisa. Familia ya Kiislamu itajisikia nyumbani zaidi kwenye riadi kwa sababu hiyo. Lakini kuhusu kuogelea mambo ni kinyume na watu wanavyodhani: kibwawa cha riadi kiko katikati ya ua, mbele ya macho ya kila chumba, na maji yake mara nyingi ni ya baridi. Mama anayetaka kuogelea kwa stara atapata nafasi tu kama familia imekodi nyumba nzima. Na hapo ndipo riadi inapopendeza kuliko kitu kingine chochote. Ndugu kumi waliokwenda pamoja, wakagawana gharama ya nyumba yenye vyumba vitano, hupata mpishi, paa na ua wao wenyewe, na mara nyingi kila mmoja hulipa pungufu ya chumba cha hoteli nzuri.

Wanandoa wajue jambo moja. Kwa miaka mingi mahali pa kulala, hoteli na riadi sawasawa, waliwadai Wamorocco cheti cha ndoa kabla ya kuwapa chumba kimoja, na wageni wenye majina ya Kiislamu nao waliulizwa mara nyingine. Mwaka 2024 Waziri wa Sheria, Abdellatif Ouahbi, alitamka hadharani kwamba kudai cheti hicho hakuna msingi wa kisheria. Hata hivyo desturi haiondoki siku moja. Nakala ya cheti ndani ya simu haina uzito wowote kuibeba. Kila mgeni pia hujaza fomu ya polisi yenye maelezo ya pasipoti, popote atakapolala.

Njia ya kufika mlangoni

Riadi iko ndani ya medina, na medina haikujengwa kwa magari. Teksi ndogo, ambazo kila mji una rangi yake, nyekundu kwa Fes na rangi ya udongo kwa Marrakech, zitakushusha kwenye lango au uwanja wa karibu. Kuanzia hapo ni miguu, dakika tatu au kumi na tano, vichochoro vikigawanyika na kufungana. Mizigo husukumwa kwenye mkokoteni, na Fes bado utapishana na punda na nyumbu waliobeba mitungi ya gesi na ngozi. Ramani ya simu hupotea, kwa kuwa kuta ndefu huizuia ishara na vichochoro vingine vimeezekwa.

Hapa ndipo hadithi nyingi mbaya za Morocco huzaliwa. Mgeni amesimama na sanduku, kijana anamwambia njia hiyo imefungwa, anampeleka mzunguko mrefu, mwisho anadai fedha. Kinga yake ni nyepesi: omba riadi imtume mtu akupokee pale teksi inapoishia, na umjulishe dereva jina la lango hilo, si jina la riadi. Nyumba nzuri hufanya hivyo bila kusita, nyingine kwa malipo madogo. Ile inayokwambia “ni rahisi kutupata, fuata ramani” inakuonyesha mapema itakavyokuhudumia.

Mwenye magoti yanayomsumbua, anayetumia kiti cha magurudumu, au mwenye mzee wa kumshika mkono, riadi haimfai isipokuwa ameahidiwa chumba cha chini na njia fupi. Ngazi zake ni za mawe, za mwinuko mkali, kila kidato na urefu wake, na lifti ni nadra mno. Watoto wadogo nao: kibwawa hakina uzio, roshani za ndani zina vizuizi vya chini vya zamani, na sauti ya mtoto anayelia saa tisa usiku inaamsha nyumba nzima. Baadhi ya riadi hukataa watoto wa chini ya miaka kumi na miwili na husema hivyo waziwazi. Hoteli ya mtaa wa Hivernage au ya mashamba ya mitende nje ya Marrakech, yenye bustani na bwawa la watoto, itawapa wazazi likizo ya kweli. Nchi hiyo imepita miaka mingi ya ukame, na mwanzoni mwa 2024 hamamu za watu wote katika miji kadhaa ziliamriwa kufungwa siku tatu kwa wiki ili kuokoa maji. Mtu anayechagua hoteli yenye nyasi na mabwawa manne na alifikirie hilo pia.

Kuna pia suala la uimara wa kuta. Tetemeko la Septemba 8, 2023, lenye ukubwa wa 6.8, liliua karibu watu 3,000, wengi wao katika vijiji vya milima ya Al Haouz, na lilipasua nyumba kadhaa za medina ya Marrakech. Mwenye nyumba anayejiheshimu atakueleza bila kinyongo ilikaguliwaje na ilirekebishwa nini. Muulize.

Mji kwa mji, na hesabu ya mwisho

Fes ningelala ndani ya medina bila kufikiri mara mbili. Fes el-Bali, yaani medina yenyewe, ni mji mkubwa usio na magari, na uzito wake uko alfajiri na usiku, wakati makundi ya wageni wa mchana yameondoka. Anayelala mji mpya hupoteza saa hizo mbili bora, na jioni anatafuta teksi wakati mji unaanza kupumua. Chefchaouen na Essaouira ni miji midogo, nyumba za wageni ndizo za kawaida, na kutoka langoni hadi mlangoni si mbali. Essaouira, iliyo ufukweni, angalia unyevu wa kuta na uulize kama chumba kina dirisha la kuingiza hewa.

Casablanca ni kinyume. Medina yake ni ndogo, shughuli ziko mjini, na mtu huenda huko kwa kazi, kwa ndege au kwa treni. Hoteli iliyo karibu na stesheni ya Casa-Voyageurs, inakopita treni ya kasi ya Al Boraq kwenda Tangier, itakufaa kuliko nyumba yoyote ya kale. Rabat iko katikati: medina tulivu, rahisi kutembea, na tramu inapita kando yake.

Marrakech ndiyo inayohitaji kufikiri, na mimi huamua kwa mwezi na kwa watu. Kuanzia Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Novemba, riadi. Julai na Agosti, riadi kwa wawili wanaopenda kupumzika mchana na kutoka usiku, hoteli yenye bwawa kwa familia. Desemba na Januari, hoteli, au riadi iliyothibitisha kwa maandishi kwamba ua unafunikwa na joto la chumba limo ndani ya bei. Anayelala hotelini Guéliz asijione amenyimwa urithi. Le Jardin Secret katika mtaa wa Mouassine na jumba la Bahia vitamwonyesha bustani na nyua nzuri kuliko za riadi nyingi.

Bei ulinganishe zikiwa kamili. Riadi kwa kawaida huweka chai ya asubuhi ndani ya bei. Hoteli si zote. Kodi ya kulala hutozwa kwa kila mtu kwa kila usiku na mara nyingi hailipwi kwenye tovuti, inasubiri pale mlangoni, kwa fedha taslimu. Ongeza mpokeaji, mkokoteni, chakula cha jioni, na bahashishi ya wahudumu, ambao katika nyumba ndogo ni watu walewale siku zote. Masharti ya kughairi pia ni makali zaidi kwa nyumba yenye vyumba sita, kwa sababu chumba kimoja kikibaki kitupu, sehemu kubwa ya mapato ya usiku imepotea.

Kabla ya kulipa, andika ujumbe mmoja na uulize: chumba kiko ghorofa gani, dirisha linaelekea wapi, ngazi ni ngapi, kutoka gari linapoishia ni dakika ngapi kwa miguu, nani atanipokea. Kisha soma maoni ya wageni waliolala mwezi uleule unaokwenda wewe, maana sifa za Aprili hazisemi chochote kuhusu Januari. Jibu lenyewe litakufundisha zaidi ya picha. Anayejibu kwa ufafanuzi, na kukukatalia chumba kisichokufaa akakupendekezea kingine, huyo ndiye mwenyeji.

Mwenye usiku minne au zaidi katika mji mmoja si lazima achague. Usiku wa kwanza, ikiwa ndege inatua jioni, lala hoteli ya mji mpya; kuitafuta riadi gizani ukiwa na uchovu ni kuianza medina kwa mguu mbaya. Ingia riadi kesho yake asubuhi, kukiwa na mwanga na maduka yakifunguliwa. Na kama treni yako ya kuondoka ni ya alfajiri, rudi tena upande wa stesheni usiku wa mwisho, kwa kuwa stesheni za Fes na Marrakech zote ziko mji mpya, na saa kumi na moja alfajiri hakuna mkokoteni kichochoroni.